Jinsi ya Kuyaona Maua ya Msituni Kabla Miti Haijafunga Anga

Kuna wiki chache tu kila mwaka ambazo sakafu ya msitu wa nchi za baridi hupata jua la kutosha. Theluji imekwisha kuyeyuka, udongo umeanza kupata joto, ila miti mikubwa bado haijavaa majani. Mimea midogo ya chini huidaka nafasi hiyo mara moja: huchomoza, huchanua, huchavushwa, hutunga mbegu na kujaza tena akiba yake ya chakula ardhini. Kisha miti hutandaza majani, kivuli hurudi, na mingi kati ya mimea hiyo hunyauka na kupotea kabisa machoni. Tangu chipukizi la kwanza kutokeza hadi jani la mwisho kukauka huwa ni wiki sita hadi nane hivi. Miezi inayobaki mmea uko hai chini ya ardhi, umelala.

Ndiyo maana mtu anaweza kuishi jirani na msitu miaka kumi asijue kwamba una maua.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuyaona maua hayo kwa kufuatana na mwongozaji, yaani mtu anayeujua msitu ule kwa miguu yake. Nayapenda matembezi haya kuliko safari nyingine yoyote ya porini, na misimu niliyoshiriki imenifundisha jambo moja ambalo hatua zote zilizo hapa chini zinalizunguka: tafuta mwanga kwanza, na ua utaliona.

1. Lenga wiki, usilenge tarehe

Kaskazini mwa ikweta msimu wa machipuko ni kati ya Machi na Mei. Kusini ni Septemba hadi Novemba. Maua nitakayoyataja humu ni ya kaskazini, hasa Ulaya na mashariki mwa Amerika Kaskazini. Ndani ya miezi hiyo mitatu hakuna tarehe ya kutegemea. Mwaka wa baridi ndefu huchelewesha kila kitu, na wiki moja ya joto la ghafla huyafungua maua yote kwa pamoja na kuyamaliza upesi.

Kinachosaidia ni kuijua foleni. Galanthus, ua jeupe linaloning'inia kama tone, hutoka theluji ikiwa bado ipo. Hepatica, ya rangi ya samawati au zambarau, hufuata. Halafu huja kundi kubwa: Anemone nemorosa huko Ulaya, Sanguinaria na Claytonia huko Amerika. Matumba ya miti yakianza kupasuka ni zamu ya Trillium, ya Hyacinthoides inayoigeuza sakafu nzima kuwa bluu, na ya Allium ursinum inayoujaza msitu harufu ya kitunguu saumu. Convallaria, yenye vikengele vidogo vyeupe, huja mwishoni.

Kama una siku moja tu ya kwenda, chagua ile ambayo matumba ya miti yamevimba lakini majani hayajakunjuka. Siku hizo maua ya mwanzo hayajaisha na yanayofuata yameshaanza.

Ukichelewa, usikate tamaa, panda mlima. Mwaka 1918 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Andrew Hopkins, aliandika kanuni inayotumika mpaka leo: machipuko huchelewa siku nne hivi kwa kila futi 400 za kupanda, yaani mita 120 na kidogo, na siku nne pia kwa kila digrii moja ya latitudo unapokwenda kaskazini. Ni makadirio tu, ila yanafaa sana. Ukikuta maua yamekwisha bondeni, yaliyo mita 500 juu yake yako nyuma kwa wiki mbili hivi. Hata mlima mmoja una saa mbili tofauti: upande unaotazama jua huchanua mapema, upande wa kivuli huchelewa.

2. Chagua matembezi yanayokwenda polepole

Kutembea porini kwa kuongozwa ili kujua mimea si jambo la juzi. Katika karne ya 18 Carl Linnaeus, Mswidi aliyeipa sayansi mfumo wa majina mawili ya Kilatini, aliwaongoza wanafunzi wake kwenye mashamba na misitu inayouzunguka mji wa Uppsala. Walikuwa na vituo vya kusimama, ambapo mimea iliyokusanywa ilielezwa mmoja baada ya mwingine, na jioni walirudi mjini kwa tarumbeta na ngoma. Watu waliofuatana naye waliweza kufika mamia. Siku hizi pia zipo sherehe za namna hiyo: katika Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, Marekani, yenye aina zaidi ya 1,500 za mimea itoayo maua, yamekuwapo matembezi ya pamoja ya maua ya machipuko tangu mwaka 1951. Na msitu wa Hallerbos, karibu na Brussels, huwavuta watu wengi mno kila Hyacinthoides inapochanua.

Hata hivyo, mimi napendelea kundi dogo, watu kumi au kumi na wawili. Njia ya msituni ni nyembamba. Mwongozaji akipiga magoti mbele ya ua lenye ukubwa wa kucha, walio nyuma kabisa hawaoni wala hawasikii kitu.

Kabla ya kujiandikisha, uliza tutatembea umbali gani. Kilomita moja au mbili kwa saa mbili au tatu ndilo jibu zuri. Ukiambiwa kilomita nane kwa muda huo, hayo ni mazoezi ya mwili. Yana faida yake, lakini maua utayapita. Uliza pia kama mwongozaji ameipita njia hiyo wiki hii. Anayekujibu kwa kukutajia kilichochanua juzi na kilichobaki tumba, huyo mfuate.

Jambo la tatu ni saa ya kuondoka. Wanaotazama ndege hutoka alfajiri, na wengi hudhani maua nayo yanataka hivyo. Sivyo. Anemone hujifunga usiku na wakati wa mvua, ikainamisha kichwa. Sanguinaria nayo hukunja petali zake jua linapozama. Ukifika saa moja asubuhi utakuta matumba. Muda mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku ya jua, wakati ambapo hata wadudu wanaoyatembelea wameshapata joto la kuruka.

3. Beba vichache, lakini ubebe hivi

Kwanza lenzi ndogo ya mkononi inayokuza mara 10. Watu wengi huishika vibaya: huiweka karibu na ua na kuitazama kwa mbali. Ishike karibu kabisa na jicho lako, kisha sogeza uso wako hadi ua lionekane wazi, kiasi cha sentimita mbili au tatu. Utaona vinyweleo, punje za chavua, na miguu ya wadudu ambao hukujua wamo.

Pili, kioo kidogo cha kujitazamia. Maua mengi ya msimu huu huinama, na ndani yake hupaoni bila kuvunja bua. Kioo ukikilaza chini ya ua, linakuonyesha uso wake bila kuguswa. Hili nililiona kwa mwongozaji mmoja, na tangu siku hiyo sijatoka bila kioo.

Tatu, daftari na penseli, kwa kuwa wino hutiririka penye unyevu. Nne, kitu cha kupigia magoti, hata mfuko mnene wa plastiki.

Kuhusu mavazi, vaa suruali ndefu yenye rangi hafifu na uichomeke ndani ya soksi. Kupe wa nchi za baridi huamka msimu huohuo, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Ukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na kwenye mpaka wa nywele. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Kadiri anavyotolewa mapema ndivyo hatari inavyopungua, kwa hiyo ukaguzi huu usiuahirishe hadi kesho.

4. Jifunze majina machache ya Kilatini, na uyafanye yako

Maua haya hayana majina ya Kiswahili, kwa sababu hayaoti tunakoishi wengi wetu. Waongozaji nao hutumia majina ya kienyeji ya kwao, na jina moja la kienyeji mara nyingi hubeba mimea mitatu tofauti. Kwa hiyo kamata la Kilatini. Halitishi ukilifungua: Trillium limetokana na tatu, na kweli mmea una majani matatu, sepali tatu (vijani vinavyolifunika tumba) na petali tatu. Sanguinaria limetokana na damu, maana utomvu wake ni mwekundu wa machungwa. Hepatica ni ini, kwa umbo la jani lake. Galanthus ni Kigiriki, ua la maziwa. Na nemorosa maana yake ni ya msituni.

Ukishalijua jina, andika chini yake maelezo yako kwa Kiswahili kama ulivyoliona: "jeupe, petali nane, jani limelikumbatia bua kama kanga." Maelezo ya namna hiyo ndiyo yatakayokukumbusha mwaka unaofuata, kuliko picha 200 za simu. Programu kama iNaturalist zinasaidia kutambua mmea, ila zitumie baada ya kuutazama vya kutosha. Ukianza na simu, macho hulala.

5. Ukiingia msituni, tazama juu kwanza

Watu wakishuka njiani huanza kukodolea ardhi. Inua kichwa. Miti iko wapi minene, iko wapi imeachana? Kuna pengo ambapo mti mkubwa ulianguka? Jua linatokea upande gani wa kilima? Ukishajibu hayo, shusha macho mahali mwanga unapotua, na hapo ndipo uanze kutafuta.

Sehemu zinazolipa ni miteremko inayotazama jua, kingo za vijito ambapo udongo ni laini na mweusi, na shina la mti mkubwa, ambako theluji huyeyuka mapema kuliko kwingine. Chini ya miti ya jamii ya misonobari, ambayo haipukutishi majani, utapata kidogo sana. Pale kiza ni cha mwaka mzima. Msitu wa mialoni na miti mingine inayopukutisha majani ndio wenyewe.

Muulize mwongozaji umri wa msitu pia. Anemone nemorosa husambaa kwa shina lake la chini ya ardhi, polepole mno, sentimita chache tu kwa mwaka, na mbegu zake haziendi mbali. Ukikuta zulia lake limetanda mita kwa mita, ujue udongo ule haujalimwa kwa muda mrefu sana. Huko Uingereza wataalamu huutumia mmea huu kama moja ya dalili za msitu wa kale. Kwangu hili linagusa kuliko mnara wowote wa mawe: ua la sentimita kumi na tano linaloshuhudia kwamba mahali hapa jembe halijapita.

Yupo mmea mmoja usiongoja jua. Symplocarpus foetidus, wa maeneo yenye majimaji mashariki mwa Amerika Kaskazini, hutengeneza joto lake wenyewe kwa kuchoma akiba ya wanga iliyo ardhini, hata theluji iliyouzunguka ikayeyuka ikabaki duara. Una harufu ya kuoza inayowaita inzi. Mwongozaji akikupeleka kwenye matope mapema Machi, usilalamike. Huenda anakupeleka huko.

6. Piga magoti

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na msituni methali hii haina fumbo, ni maelekezo. Hapa ndipo matembezi yanapogeuka. Aliyesimama huona "maua meupe". Aliyepiga magoti huona mambo ambayo sehemu hii yote haitayamaliza.

Anza na Primula, kama uko Ulaya. Tafuta mimea kumi na uchungulie katikati ya ua la kila mmoja. Katika mingine utaona kichwa cha kijani kidogo kama cha pini kimejitokeza mlangoni; huo ni ncha ya pistili ndefu, yaani kiungo cha kike kinachopokea chavua, na stameni, viungo vya kiume vinavyotoa chavua, zimekaa chini, ndani. Katika mingine mlangoni kuna duara la stameni, na pistili ni fupi, imejificha. Mmea mmoja huwa na namna moja tu. Mdudu anayeingia kwenye ua la namna ya kwanza hupakwa chavua mahali patakapogusa pistili ya namna ya pili, na kinyume chake. Charles Darwin alichapisha uchunguzi wake juu ya jambo hili mwaka 1862, na alionyesha kwamba maua huzaa mbegu nyingi zaidi chavua ikitoka namna moja kwenda nyingine. Wewe unaweza kuliona jambo lilelile kwa lenzi yako katika dakika tano. Mwombe mwongozaji alipe kundi nafasi ya kuhesabu. Kwa kawaida namna hizo mbili hukaribiana kwa idadi.

Kama uko Amerika, piga magoti kwa Claytonia. Petali tano nyeupe au za waridi hafifu, zenye mistari ya waridi iliyokolea inayoelekea katikati. Mistari hiyo humwonyesha mdudu njia ya nekta, maji matamu ya ua. Tazama stameni. Zikiwa zimesimama na chavua yake ya waridi, ua liko katika siku yake ya kwanza na linatoa chavua tu. Zikiwa zimelala kwenye petali, na katikati pistili imejigawa ncha tatu, sasa linapokea. Subiri kimya hapo. Kuna nyuki mdogo anayechimba kiota ardhini, Andrena erigeniae, ambaye huwalisha watoto wake chavua ya Claytonia. Utamtambua kwa miguu ya nyuma iliyojaa unga wa waridi. Akikosekana Claytonia msitu ule, naye hayupo.

Podophyllum ni wa kuchungulia. Majani yake ni kama miavuli ya kijani, yametanda makundi kwa makundi, na wapita njia husema mmea huu hauna maua. Shina lenye mwavuli mmoja kweli halina. Tafuta lenye miavuli miwili, lala karibu na ardhi, utazame panda ya shina: pana ua moja jeupe, kubwa, limeinama. Vivyo hivyo Asarum canadense. Fukua kwa macho, si kwa mikono, kati ya mabua ya majani yake, na utaona kikombe cha rangi ya damu ya mzee kimekaa juu ya udongo wenyewe.

Arum maculatum wa Ulaya unastahili dakika zake. Ndani ya jani lililojikunja kama bahasha kuna kijiti cha zambarau kinachopata joto jioni na kutoa harufu ya kinyesi. Visubi huja, huteleza hadi kwenye chumba cha chini, na vinyweleo vilivyo mlangoni huwazuia kutoka. Hulala humo. Kesho yake stameni huwamwagia chavua, vinyweleo hunyauka, na wafungwa hutoka kwenda kunaswa na ua jingine. Usilipasue ili kuona. Kwa kioo na tochi ya simu utaona vinyweleo vya kutosha.

Halafu kuna Trillium grandiflorum, nembo ya jimbo la Ontario, Kanada, tangu mwaka 1937. Ukiona kundi lenye maua meupe na mengine ya waridi, usidhani ni aina mbili. Ua hufunguka jeupe na kuwa la waridi linapozeeka. Kwa hiyo rangi hukueleza msimu umefika wapi.

Katika kila ua, muulize mwongozaji swali moja zaidi ya jina: nani analitembelea? Jina utalikuta kitabuni. Jibu la swali hilo ni la yule aliyekaa msituni.

7. Miguu yako na mikono yako

Baki kwenye njia. Hili waongozaji hulisema hadi linachosha, na sababu yake ni ileile ya mwanga. Mmea wenye wiki chache za jua kwa mwaka mzima hauna jani la akiba. Jani la Hyacinthoides likikanyagwa na kuvunjika, chakula cha mwaka ule kimepotea, na mwaka ujao ua huenda lisitoke. Trillium ni vibaya zaidi: majani yake matatu yako palepale chini ya ua, na anayechuma ua mara nyingi huondoka na majani yote. Mmea huo ulichukua miaka saba au zaidi tangu mbegu hadi kuchanua mara ya kwanza.

Kwa hiyo usichume hata moja. Ukitaka picha, piga kutoka njiani. Usifagie majani makavu kuzunguka ua ili lipendeze, maana chini yake kuna machipukizi ambayo hayajatokeza. Sheria nazo zipo. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1981 ya wanyamapori na maeneo ya mashambani inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na Hyacinthoides ya porini imeongezewa ulinzi dhidi ya biashara. Katika hifadhi nyingi za taifa kuchuma ni kosa.

Wapo wanaokuja kwa ajili ya kula, hasa majani ya Allium ursinum. Nawasihi wasijaribu bila mtu anayeijua mimea kwa yakini. Majani yake yanafanana mno na ya Convallaria na ya Colchicum autumnale, na yote mawili yana sumu. Colchicum imeua watu walioichuma kwa kudhani ni kitunguu saumu cha porini. Husemwa kwamba harufu itakuonyesha. Harufu hubaki vidoleni. Ukishachuma jani la kwanza lililo sahihi, kila jani utakaloshika baada yake litanuka kitunguu saumu.

8. Andika siku mbili, si moja

Jioni, kabla hujasahau, andika mahali, saa, hali ya hewa, na kila ua lililokuwa limefunguka. Mwaka 1736 Mwingereza mmoja wa Norfolk, Robert Marsham, alianza kuandika dalili za machipuko kwenye ardhi yake: ua la kwanza, jani la kwanza, ndege wa kwanza. Wazao wake waliendelea hadi mwaka 1958. Huko Concord, Massachusetts, Henry David Thoreau aliandika tarehe za kuchanua katika miaka ya 1850. Watafiti walipozilinganisha na za wakati wetu waligundua kwamba maua ya pale sasa huchanua wiki moja mapema kwa wastani.

Sasa sababu ya kusema siku mbili. Utafiti mwingine uliofanyika kwa kumbukumbu za Concord hiyohiyo ulionyesha kwamba miti imesogeza mbele tarehe yake ya kutoa majani kuliko maua ya chini yalivyosogeza yao. Maana yake dirisha la mwanga linafinywa: maua yamewahi, lakini kivuli kimewahi zaidi. Kwa hiyo tarehe ya ua peke yake haitoshi. Andika tarehe ua lilipofunguka, na uandike pia tarehe majani ya miti iliyo juu yake yalipokunjuka. Pengo kati ya tarehe hizo mbili ndilo chakula cha mmea. Fanya hivyo kwa mti mmoja na ua moja, mahali pamoja, kila mwaka. Ni kazi ya dakika mbili, na ni ya thamani kuliko orodha ndefu ya majina.

9. Rudi wiki tano au sita baadaye

Huku wengi hawafiki, na waongozaji wachache huitangaza safari hii kwa kuwa hakuna maua ya kuonyesha. Mwombe yule mliyetembea naye akupeleke tena, au urudi mwenyewe kwa njia ileile, na daftari lako.

Utakuta kiza cha kijani. Claytonia imelala, imebaki kamba ya manjano ikioza. Anemone inakunja majani. Ila pale palipokuwa na Sanguinaria kuna vifuko vyembamba vilivyosimama wima chini ya majani makubwa. Kikipasuka kimoja, tazama mbegu kwa lenzi: ni ya kahawia inayong'aa, na ubavuni mwake ina kipande cheupe kama shanga. Kipande hicho kina mafuta. Kaa chini, ngoja. Sisimizi akifika huishika mbegu kwa kipande hicho na kuiburuta hadi kiotoni, akala mafuta na watoto wake, na mbegu yenyewe akaitupa kwenye jaa lake, penye udongo laini, mita chache kutoka kwa mama yake. Hepatica, Asarum, Trillium na Galanthus nazo husafirishwa hivyohivyo.

Ukiona mbegu ilikofikishwa, weka kijiti pembeni, si juu ya mahali pale, na uandike ni hatua ngapi kutoka njiani, ili mwaka ujao uweze kuparudia.